Watawa walivyogeuza bonde la magadi kuwa shamba

Safari ya siku moja kutoka Cairo yaonyesha jinsi historia, ibada na kilimo vinavyoweza kulishana, na hatari inayonyemelea chini ya mchanga

MAMA yeyote anayechemsha maharagwe makavu anaijua kazi ya magadi. Kiasi kidogo tu kikitiwa sufuriani, kuni hupungua na maharagwe hulainika upesi.

Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba Ziwa Natron, lililoko kaskazini mwa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, lina jina moja na bonde la jangwani nchini Misri. Bonde hilo huitwa Wadi Natrun, yaani bonde la magadi. Magadi ya huko ndiyo Wamisri wa kale waliyotumia kukaushia maiti za wafalme wao kabla ya kuzifunga sanda. Aidha, yalitumika kutengenezea sabuni na vioo.

Leo anayefika Wadi Natrun haendi kutafuta magadi. Huenda kuona monasteri nne za Kanisa la Kiorthodoksi la Wakopti. Watawa walianza kuishi katika bonde hilo katika karne ya nne, na hadi sasa bado wapo. Bonde liko takriban kilomita 100 kaskazini magharibi mwa Cairo, kando ya barabara ya jangwani iendayo Alexandria. Mgeni akiondoka asubuhi hurudi mjini jioni.

Kwa mwenye jicho la biashara au la kilimo, safari hii huzua swali moja kubwa. Watu hawa hawatozi kiingilio wala hawajitangazi redioni. Wanakaa juu ya mchanga wenye chumvi, mahali penye mvua haba mno. Wamewezaje kujilisha kwa zaidi ya miaka 1,600?

Safari inavyoanza

Barabara ya jangwani ni pana na ina magari mengi. Zamani pande zake zote zilikuwa mchanga mtupu. Sasa msafiri huona mashamba ya matunda na mboga, mabanda ya kuku, viwanda na majumba ya matajiri wa Cairo. Muda wa safari ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili, kutegemea msongamano wa kutoka mjini.

Wengi hukodi gari dogo pamoja na dereva na mwongozaji watalii. Nchini Misri kazi ya kuongoza watalii hufanywa na wenye leseni, na mwongozaji mzuri huwa amesoma historia ya nchi yake barabara. Asiye na fedha za kukodi hupanda basi au matatu za huko hadi kwenye njiapanda ya Wadi Natrun, kisha hutafuta teksi ya kumzungusha.

Malangoni kuna ukaguzi, nao una sababu. Mwaka 2017 na tena mwaka 2018 watu wenye silaha waliyashambulia mabasi ya mahujaji wa Kikopti katika mkoa wa Minya, mbali kusini mwa Wadi Natrun, wakaua watu wengi. Tangu hapo ulinzi wa monasteri ni jambo lisilofanyiwa mzaha. Mgeni awe na pasipoti yake na awe na subira.

Akishapita langoni, mara nyingi mwongozaji kutoka mjini hunyamaza na mtawa huchukua nafasi yake. Atavaa kanzu nyeusi na kofia nyeusi iliyofumwa misalaba. Usishangae akizungumza Kiingereza sanifu. Wengi wa watawa hawa walikuwa wahandisi, madaktari, wafamasia au wataalamu wa kilimo kabla ya kuja jangwani.

Kuta zilizojengwa kwa hofu

Monasteri inayopokea wageni wengi ni ya Mtakatifu Bishoi. Faida yake ni kwamba hufunguliwa hata nyakati za mfungo, wakati nyingine kwa kawaida hufunga milango yake.

Kitu cha kwanza kumvutia mgeni ni ngome iliyo ndani ya ukuta. Ni jengo refu la mawe lisilo na mlango chini. Huingiwa kwa daraja la mbao lililo juu, ambalo wakati wa hatari liliinuliwa na watawa wakajifungia ndani pamoja na nafaka, maji na vitabu vyao. Waliijua hatari hiyo. Mwaka 407 wavamizi wa jangwani waliliteka bonde zima, wakaua na kupora. Walirudi tena na tena katika miaka iliyofuata, na uvamizi mwingine mkubwa ulitokea mwaka 817.

Kila waliposhambuliwa, watawa waliobaki walirudi na kujenga upya. Ndiyo maana kanisa moja linaweza kuwa na msingi wa karne moja, nguzo za karne nyingine na mapaa ya karne ya tatu.

Kaburi la Papa Shenouda wa Tatu nalo limo humo, na huvuta umati. Kiongozi huyo wa Wakopti alikosana na Rais Anwar Sadat, na mnamo Septemba 1981 akaamriwa abaki katika monasteri hiyo. Hakuachiliwa hadi Januari 1985, zaidi ya miaka mitatu baada ya Sadat mwenyewe kuuawa. Alipofariki mwezi Machi 2012, alizikwa hapo hapo. Mrithi wake, Papa Tawadros wa Pili, alikuwa mtawa wa monasteri hiyo hiyo.

Huenda msomaji akajiuliza kama hawa ndio Waorthodoksi wale wenye makanisa kule Riruta jijini Nairobi. La. Wale wako chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Alexandria. Wakopti walitengana na Wagiriki baada ya mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451. Hata hivyo, Wakopti nao si wageni kwetu. Mwaka 1976 kanisa lao lilimtawaza askofu wa kushughulikia Afrika aliyefanya makao yake Nairobi, na Hospitali ya Coptic iliyoko barabara ya Ngong inajulikana na wengi.

Alikwenda kupigania kodi, akarudi na vitabu

Kutoka kwa Bishoi hadi monasteri ya Wasuria ni mwendo mfupi wa miguu. Jina hilo lilitokana na watawa waliotoka upande wa Syria na Iraq, waliokaa hapo kwa karne nyingi pamoja na Wakopti. Sasa wote waliomo ni Wakopti.

Hapa kuna kisa ambacho kila mfanyabiashara atakielewa. Katika karne ya kumi watawala waliamua kuwatoza watawa kodi ya kichwa, kodi ambayo hapo awali hawakuwa wakilipa. Mkuu wa monasteri, Musa wa Nisibis, hakukaa kulalamika. Mwaka 927 alifunga safari hadi Baghdad kumwomba khalifa awaondolee mzigo huo, naye akafaulu. Alirejea mwaka 932, na akiwa njiani alikusanya miswada 250 ya kale.

Hewa kavu ya jangwani ikaihifadhi miswada hiyo. Katika karne ya 19 wasafiri kutoka Uingereza waligundua hazina hiyo na kununua sehemu kubwa yake, na leo iko jijini London. Mojawapo ni kitabu cha Kisiria kilichoandikwa mwaka 411, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kale zaidi duniani vyenye tarehe. Monasteri ilibaki na sehemu ndogo. Mwenye mali asiyejua thamani ya mali yake huiuza kwa bei ya mnunuzi.

Watawa wa sasa wanaijua. Mwaka 1988 moto uliharibu sehemu ya kanisa na kupasua lipu ya ukuta. Mwaka 1991 lipu hiyo ilipoondolewa, nyuma yake ilionekana picha kubwa ya Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari, yenye rangi zinazong'aa kana kwamba zilipakwa juzi. Tangu hapo mafundi wamekuwa wakifunua picha nyingine, tabaka baada ya tabaka. Mgeni huoneshwa pia mlango mkubwa wa mbao nyeusi uliotiwa pembe za ndovu, ambao ulitengenezwa mwanzoni mwa karne ya kumi.

Nje kuna mti ambao mtu wa pwani ataujua bila kuambiwa. Ni mkwaju. Mapokeo yanasema ulichipuka kutoka kwa bakora ya Mtakatifu Efremu, ambaye aliichomeka ardhini alipokuja kumtembelea Bishoi.

Kutoka ukili hadi trekta

Tangu mwanzo, watawa wa Wadi Natrun walikataa kuwa ombaomba. Makari, ambaye alianza kuishi hapo karibu mwaka 330, na wenzake walisuka kamba, mikeka na vikapu kwa majani ya mtende, kama wanavyosuka ukili akina mama wa Lamu na Unguja. Bidhaa hizo ziliuzwa katika masoko ya vijiji vya mto Nile, na fedha zikanunua mkate. Wakati wa mavuno wengine walishuka bondeni mwa Nile kufanya kibarua cha kuvuna ngano.

Desturi hiyo ilifufuka kwa nguvu mpya katika karne ya 20, hasa katika monasteri ya Mtakatifu Makari. Mwaka 1969 mahali hapo palikuwa karibu pafe. Walibaki wazee wachache katika majengo yaliyokuwa yakiporomoka. Papa Kyrillos wa Sita akamtuma padri Matta el-Meskin aende na watawa 12 kupafufua.

Walianza kwa kubomoa, kujenga na kuchimba. Mwaka 1978 Rais Sadat aliwapa ardhi ya jangwa yenye ukubwa wa fedani 1,000, ambazo ni zaidi kidogo ya ekari 1,000. Idadi ya watawa ilipanda hadi ikapita 100, na wafanyakazi kutoka nje wakaajiriwa.

Ardhi ya jangwa haina mboji. Maji humwagika ndani yake kama kwenye chujio, na yasipopimwa vyema huacha chumvi juu. Ndiyo maana mfugo ukawa ndio mlango wa kilimo. Ng'ombe, kondoo na kuku walileta samadi, samadi ikashika unyevu, na mchanga ukaanza kugeuka udongo. Watawa hao walipata sifa kwa kujaribu biti ya mifugo, zao la mizizi linalolimwa Ulaya kwa ajili ya kulisha ng'ombe, ambalo halikuwa na mazoea nchini humo. Kando yake walipanda mizeituni, mitini na mitende, miti inayovumilia maji yenye chumvi kiasi.

Mkulima wa Makueni, Kajiado au Dodoma anayelalamika kwamba shamba lake ni kame atapata hapa jambo la kutafakari. Watawa hawa hawakupata mbegu ya miujiza. Walichagua mimea inayostahimili mahali walipo, wakaanza na samadi, wakapima maji, wakaweka kumbukumbu. Zaidi ya yote, hawakuhesabu faida kwa msimu mmoja. Mzeituni una miaka yake ya kungojewa.

Kalenda ya kanisa, kalenda ya jembe

Kuna jambo jingine ambalo mwongozaji mzuri hatakosa kulitaja. Wakopti wana kalenda yao, inayohesabiwa kuanzia mwaka 284. Ina miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, kisha kimwezi cha siku tano au sita. Mwaka mpya huangukia Septemba 11, au Septemba 12 kila baada ya miaka minne.

Kalenda hiyo imerithiwa kutoka kwa Misri ya mafarao na inafuata misimu. Kwa hivyo mkulima wa Misri, awe Mwislamu au Mkristo, ameitumia kwa karne nyingi kujua lini apande ngano na lini avune. Siku ya kwanza ya mwaka huo huitwa Nayruzi, jina linalofanana na nairuzi ya Waswahili, ambao wazee wao pia walihesabu miongo ya siku kumi kumi kujua wakati wa kupanda na wa kuingia baharini.

Kalenda hiyo hiyo ndiyo humwamulia mtalii. Wakopti hufunga zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwaresima yao ni siku 55. Atakayekwenda bila kuuliza anaweza kukuta malango matatu kati ya manne yamefungwa.

Nani anafaidika?

Hapa ndipo hesabu huwa ya kuvutia. Katika siku moja ya safari, mgeni humlipa mwenye gari, mwongozaji, muuza mafuta na mwenye mkahawa. Monasteri haimdai chochote. Badala yake, mara nyingi humpa chai, na pengine mkate na maharagwe yaliyopondwa.

Kinachoirudishia ni sanduku la sadaka na duka. Mgeni aliyekaribishwa bure mara chache huondoka mikono mitupu. Ni biashara isiyojiita biashara.

Jambo la pili ni kwamba wageni wengi si wazungu. Ni Wakopti wenyewe, wanaokuja kwa mabasi ya parokia, hasa Ijumaa ambayo ni siku ya mapumziko. Jambo hilo limekuwa kinga. Watalii wa kigeni nchini Misri walikuwa milioni 14.7 mwaka 2010. Baada ya mapinduzi ya 2011 waliporomoka hadi milioni 9.8, na mwaka 2016 wakashuka hadi karibu milioni 5.4. Walirudi polepole, hadi serikali ikatangaza milioni 15.7 kwa mwaka 2024. Hoteli nyingi zilifungwa katikati ya misukosuko hiyo, lakini mabasi ya parokia hayakukoma kwa sababu tu mzungu ameogopa kupanda ndege.

Serikali ya Misri nayo imeona fursa. Imekuwa ikiitangaza Njia ya Familia Takatifu, ambayo inaunganisha mahali ambapo mapokeo husema Yesu, Maria na Yosefu walipita walipokimbilia Misri. Wadi Natrun imo. Mwaka 2022 sherehe zinazohusu safari hiyo ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Lakini wageni wakizidi, mtawa hupoteza kile alichokifuata jangwani, yaani ukimya. Monasteri ya Makari imekuwa na masharti makali zaidi kuliko nyingine kuhusu wageni. Mwenye kampuni ya utalii anaweza kuona hiyo ni hasara. Ukweli ni kwamba bila ukimya na watawa, yangebaki magofu tu, na magofu Misri inayo mengi.

Tishio liko chini

Tishio kubwa zaidi halionekani kwa macho. Mashamba yote yale yaliyopamba barabara ya jangwani hunywa kutoka ardhini, kwa visima virefu. Maji ya visima yameshuka na katika sehemu nyingi yameongezeka chumvi, kwa kuwa yanavutwa kwa kasi kuliko yanavyojazwa.

Wadi Natrun ni bonde lililo chini ya usawa wa bahari, na kwa karne nyingi maji yalijikusanya hapo yenyewe. Ndiyo asili ya maziwa ya magadi, na ndiyo asili ya visima vya watawa. Majirani wakivuta maji mengi mno, kisima cha monasteri hakitasalimika kwa sababu ya utakatifu wake. Watawa walionusurika mapanga ya wavamizi kwa kuinua daraja hawana daraja la kuinua dhidi ya pampu.

Somo hilo halihitaji tafsiri kwa wakulima wa Naivasha, au kwa wale wanaochimba visima kila upande bila kuuliza jirani amechimba kiasi gani.

Kwa anayetaka kwenda

Ndege huruka moja kwa moja hadi Cairo kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Habari za viza ziulizwe ubalozini mapema. Mwenye ndugu anayesoma Al-Azhar asisite kumwomba msaada wa kutafuta dereva mwaminifu, kwani anayejua Kiarabu hapatwi kirahisi na bei ya mgeni.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne. Je, bei ni ya gari zima au ya kila abiria? Je, inajumuisha mwongozaji na chakula? Ni monasteri zipi zitakuwa wazi siku hiyo? Na kama unataka kuona shamba, je, ruhusa imeombwa? Bila ruhusa utaoneshwa makanisa tu. Uliza pia kama bei ni ya dola au ya pauni ya Misri, kwa kuwa mwezi Machi 2024 pauni ilishuka kwa siku moja kutoka karibu 31 hadi karibu 50 kwa dola.

Usijaribu kuona zote nne kwa siku moja. Bishoi na ya Wasuria ziko karibu, na ya Baramusi, ambayo husemwa ndiyo kongwe zaidi, inaweza kuongezwa. Ya Makari iko peke yake upande wa kusini mashariki.

Vaa nguo za kujistahi zinazofunika mabega na magoti. Wanawake wanaruhusiwa, ila wabebe mtandio. Viatu huvuliwa kabla ya kukaribia madhabahu, na picha hazipigwi ndani bila idhini. Mtawa hapewi bakshishi mkononi. Ukitaka kushukuru, tia sandukuni au nunua kitu dukani.

Sisi nasi tunayo mahali pa kwenda na kurudi siku moja. Bagamoyo, yenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, iko karibu na Dar es Salaam. Gedi iko karibu na Malindi. Katika sehemu nyingi za aina hiyo mgeni hulipa kiingilio, hupiga picha, huondoka. Hanunui nazi, asali wala mkeka wa mwanakijiji anayeishi hatua chache kutoka kwenye magofu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuviweka mahali anapopita.

Watawa wa Wadi Natrun walilifikiria hilo wakiwa na majani ya mtende tu, miaka 1,600 iliyopita. Mwenye shamba kando ya njia ya watalii anaweza kuanza Jumamosi hii, kwa meza moja na kapu la maembe.